Kutoka Ngonjera hadi Malumbano: Uhakiki wa Lugha ya Sayansi kwa Umma kwa Mfano wa Sumukuvu na Wilaya ya Gairo

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumika kuwafikishia wananchi wa Tanzania maarifa ya sayansi kwa Kiswahili. Suala lililochaguliwa ni sumukuvu katika mahindi, na mahali panapoongoza mjadala ni Wilaya ya Gairo, mkoani Morogoro. Hoja kuu ni kwamba tatizo la lugha hiyo si uhaba wa istilahi, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali ni umbo la matini. Maarifa huwasilishwa kwa muundo wa ngonjera: asiyejua huuliza, mjuzi hujibu, na asiyejua hukubali. Muundo huo unafaa kutoa maagizo ya dharura. Haumwezeshi mwananchi kupima ushahidi, kulinganisha ushauri unaopingana, wala kushiriki katika maamuzi ambayo sayansi peke yake haiwezi kuyafanya. Makala inapendekeza kwamba uandishi wa sayansi kwa umma uige desturi nyingine ya Kiswahili, yaani malumbano, ambamo kila upande hulazimika kutoa sababu.

1.0 Utangulizi

Mji wa Gairo umekaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Upande mmoja iko Milima ya Ukaguru. Upande wa magharibi ardhi inazidi kukauka hadi kuingia Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma. Wilaya yenyewe ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kilosa. Wenyeji wake wengi ni Wakaguru, na kwao mahindi ni chakula na pia ni fedha. Yanayozidi mahitaji ya nyumbani huuzwa, na barabara hiyohiyo huyapeleka mbali.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla ugonjwa wa ini. Uchunguzi ulibaini kuwa walikuwa wamekula mahindi yenye kiasi kikubwa cha aflatoksini. Taarifa za kitaalamu zilizochapishwa baadaye zilihesabu wagonjwa 68, na kati yao 20 walifariki. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mlipuko wa namna hiyo mashariki mwa Kenya ulikuwa umeua watu 125 kati ya wagonjwa 317. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu baada ya siku chache kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuthibitisha kiwango cha sumu. Kwa hiyo, suala moja la maabara liligusa uhai wa mlaji, bei ya mkulima na uhusiano wa nchi jirani.

Suala la namna hii haliwezi kuachwa mikononi mwa wataalamu peke yao. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unamjumuisha kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18. Katika mkutano huo mkulima si msikilizaji; ni mjumbe. Anaweza kuhoji matumizi ya fedha ya ghala la pamoja, kujadili sheria ndogo kuhusu uuzaji wa nafaka, au kudai kipimo kiletwe karibu. Swali la makala hii ni dogo lakini lina uzito: je, Kiswahili anachosemeshwa mkulima huyo kuhusu sumukuvu kinamwandaa kuwa mjumbe, au kinamwandaa kuwa mpokeaji wa amri?

2.0 Jina na Mipaka Yake

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umezoea kuanzia katika istilahi, na mara nyingi umeishia hapohapo. Kazi iliyofanywa katika uwanja huo si ya kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno kama UKIMWI na UVIKO-19 yalipata nafasi katika usemi wa kila siku, na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Sumukuvu ni istilahi ya kusifiwa katika mkondo huo. Jina la kigeni, aflatoksini, lilibuniwa kutokana na jina la kuvu *Aspergillus flavus*, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo. Jina hilo halimwambii kitu asiyejua asili yake. Kiswahili kiliambatanisha nomino mbili, sumu na kuvu, kikapata neno fupi, lenye kutamkika, ambalo maana yake inaonekana juu ya uso wake.

Hata hivyo, neno lenye maana iliyo wazi lina gharama yake: huielekeza akili ya msikilizaji mahali pamoja. Anayesikia sumukuvu huangalia kuvu. Akiona punje nyeupe, kavu na safi, hupumua. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala haina ladha inayoweza kumwonya mlaji. Punje iliyo safi kwa kuitazama yaweza kuwa nayo, na punje yenye kuvu si lazima iwe nayo, kwa kuwa si kila kuvu huitoa. Mapishi ya kawaida nayo hayaiondoi yote. Tena, neno hilohilo hutumika wakati mwingine kwa aflatoksini pekee na wakati mwingine kwa jamii nzima ya sumu zitokanazo na kuvu, zikiwemo fumonisini, ambazo zina tabia na madhara tofauti. Istilahi imetaja kitu, lakini haijakieleza. Kukieleza ni kazi ya matini.

Ugumu huu unaonekana zaidi katika maneno ya kawaida ambayo sayansi imeyaazima bila kutangaza kwamba imeyabadilisha maana. Neno sampuli, katika mazungumzo ya kila siku, ni aina: mtu huuliza ni kitambaa cha sampuli gani. Maabara hulitumia kwa maana ya sehemu ndogo inayochukuliwa ili kuwakilisha kitu kizima. Tofauti hiyo ni muhimu mno katika suala la sumukuvu, kwa sababu sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zaweza kubeba karibu yote, na konzi moja iliyochotwa juu ya gunia yaweza kutoa jibu la uongo, la heri au la shari. Mkulima anayeambiwa kuwa sampuli yake imepatikana na sumu ana haki ya kuuliza imechotwa wapi, mara ngapi na kwa chombo gani. Hawezi kuuliza hayo iwapo neno limemfikia likiwa na maana ya mzigo mzima.

Neno hatari nalo hubeba mizigo miwili. Hutaja kitu chenye uwezo wa kudhuru, na pia hutaja uwezekano wa dhara hilo kutokea. Nyoka aliyefungiwa chupani ni hatari kwa maana ya kwanza, si kwa maana ya pili. Sumukuvu ni hatari kwa maana ya kwanza popote ilipo. Kwa maana ya pili hutegemea kiasi, muda wa kuila, umri na afya ya mlaji. Kitenzi kuweza ni mfano wa tatu. Sentensi kwamba sumukuvu inaweza kusababisha saratani ya ini na sentensi kwamba inaweza kusababisha udumavu wa watoto zina sarufi moja. Ushahidi wake si mmoja. Kuhusu saratani ya ini, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na madhara huzidi kwa mwenye homa ya ini aina B. Kuhusu udumavu, uhusiano umeonekana katika tafiti kadhaa, lakini kama sumu ndiyo chanzo bado ni suala la uchunguzi. Kiswahili kina njia za kutofautisha ngazi hizo: imethibitika, yaelekea, huenda, bado inachunguzwa. Matini za umma huzitumia kwa nadra.

3.0 Ngonjera kama Umbo la Matini za Sayansi

Kwa nini hazitumiki? Jibu linalopendekezwa hapa ni la kifasihi. Matini za sayansi kwa umma, ziwe za redioni, vipeperushi, mabango au semina za wakulima, zimerithi utanzu. Utanzu huo ni ngonjera.

Ngonjera, kwa umbo lake lililozoeleka Tanzania, inahusishwa na Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi wa Kigogo kutoka Dodoma, si mbali na eneo linalojadiliwa hapa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ilienezwa shuleni na katika mikusanyiko na Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania ili kufundisha siasa ya ujamaa na kujitegemea. Wahusika wawili au zaidi hujibizana kwa beti. Mmoja hana ufahamu au anapinga, mwingine anafahamu. Mjadala hupanda, mifano hutolewa, na mwishoni asiyefahamu hukiri kwamba ameelimika. Ni utanzu wenye ustadi wake, na katika nchi iliyokuwa ikijenga lugha ya pamoja ulifanya kazi kubwa. Lakini mwisho wake unajulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Mpinzani amewekwa ili ashindwe. Maswali yake ni yale tu ambayo mjuzi ana majibu yake.

Matini za sumukuvu zinafuata umbo hilo hata pale zisipokuwa na vina na mizani. Sifa tatu zinadhihirisha jambo hilo.

Sifa ya kwanza ni kutawala kwa amri. Vitenzi vyake ni vuna mapema, kausha vizuri, tumia turubai, chambua, hifadhi penye hewa, usile. Mfululizo wa amri una faida: unakumbukika na unatekelezeka. Kinachokosekana ni viunganishi vya sababu. Neno kwa sababu, neno ingawa na neno isipokuwa huonekana mara chache, na bila hayo hakuna hoja. Kausha vizuri ni agizo lisilopimika. Ukieleza kuwa kuvu huhitaji unyevu, kwamba mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kushuka hadi asilimia 13 hivi ya unyevu, na kwamba mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo hurudishiwa unyevu na kuvu kutoka ardhini, agizo linageuka maarifa. Mkulima anaweza kulitumia hata pale turubai linapokosekana.

Sifa ya pili ni kufichwa kwa mtenda. Imethibitika, inashauriwa, utafiti umeonyesha, wataalamu wanasema: kauli hizi hazimtaji aliyepima, alipopima, wala alivyopima. Katika isimu, kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda aondolewe. Katika siasa, kuondolewa kwake kunaondoa pia mtu wa kuulizwa. Msomaji wa Gairo hawezi kujua kama matokeo anayosomewa yametokana na mahindi ya nyanda zake kavu, ya milimani kwake, au ya bara jingine.

Sifa ya tatu ni hitimisho la kukubali. Semina huishia kwa washiriki kuahidi. Kipindi cha redio huishia kwa mhusika aliyekuwa mbishi kubadilika. Hakuna nafasi ya mhusika anayesema nimekuelewa, ila bado nina shaka, na hii ndiyo sababu yangu. Haishangazi kwamba katika Kiswahili cha mitaani neno ngonjera limepata maana nyingine, ya maneno yaliyopangwa ambayo msemaji hataki yajibiwe. Anayesema acha ngonjera hapingi ushairi. Anahakiki utanzu, na uhakiki wake una mantiki.

4.0 Amri Zinapogongana: Dona na Sembe

Udhaifu wa umbo la ngonjera hubainika pale wajuzi wawili wanapotoa amri zinazopingana. Mfano ulio karibu zaidi na jiko la Gairo ni unga.

Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe wamewahimiza Watanzania kula dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa sababu kiini na ganda la hindi vina virutubisho ambavyo sembe huvipoteza. Ushauri huo ni sahihi. Wataalamu wa usalama wa chakula wanajua jambo jingine ambalo nalo ni sahihi: sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa katika ganda na kiini, hivyo kukoboa huipunguza kwa kiasi kikubwa. Mama anayekwenda mashineni na debe la mahindi hukutana na sayansi mbili. Moja inamwambia asikoboe, nyingine inampa sababu ya kukoboa. Katika ngonjera hakuna ubeti wa kulitatua hilo, maana utanzu unamtambua mjuzi mmoja tu.

Anachohitaji mama huyo ni mizani ya sababu. Ikiwa mahindi yamekaushwa vema na kuchambuliwa, faida ya dona ina nguvu. Ikiwa mvua iliyakuta shambani yakiwa yamekomaa, au yamehifadhiwa yakiwa mabichi, hoja ya kukoboa inapanda. Kisha linakuja swali la pumba. Pumba zilizobeba sumu zikipewa kuku zinawadhoofisha, na zikipewa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu hurudi kwa watoto ndani ya kikombe. Vivyo hivyo kwa punje zilizochambuliwa. Agizo la kuchambua huishia kwenye ungo. Halisemi zile zilizotolewa ziende wapi katika mwezi ambao ghala linakaribia kuisha. Kwa mwenye magunia mengi, kutupa debe moja ni usafi. Kwa mwenye debe tatu, ni kupoteza theluthi ya chakula chake.

Hapo ndipo sayansi inapokutana na haki. Maabara inaweza kusema kiasi cha sumu kilichomo katika debe hilo. Haiwezi kusema nani abebe hasara ya kulitupa: kaya, kijiji, halmashauri au taifa. Hilo ni swali la wananchi, na haliwezi kuulizwa ndani ya matini ambayo msamiati wake wote ni wa amri.

5.0 Kikomo ni Uamuzi

Neno jingine linalodai uhakiki ni kiwango. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, na aina yake iliyo kali zaidi, B1, isizidi mikrogramu 5. Kwa lugha ya ghala, katika magunia kumi ya kilo mia moja kila moja, sumu yote isizidi miligramu 10, uzito ulio mdogo kuliko wa punje moja ya hindi. Maelezo ya namna hii hayahitaji istilahi mpya. Yanahitaji mwandishi anayekumbuka kwamba msomaji wake anajua gunia.

Lakini kuna jambo ambalo matini za umma hulinyamazia zaidi kuliko hesabu hiyo. Kikomo hicho si mstari uliochorwa na maumbile. Umoja wa Ulaya umeweka mikrogramu 4 kwa nafaka zinazoliwa moja kwa moja na binadamu. Marekani imeweka 20 kwa vyakula. Afrika Mashariki imeweka 10. Sumu ni ileile na ini la binadamu ni lilelile. Tofauti imetokana na kupima mambo mengine: kiasi cha mahindi ambacho watu hula, uwezo wa kupima, gharama ya kukataa chakula, na maslahi ya biashara. Mtanzania anayekula ugali mchana na usiku humeza mahindi mengi kwa siku kuliko Mmarekani, hivyo kikomo kilekile humpa dozi kubwa zaidi. Kukishusha kungelinda afya yake. Kungeweza pia kuyafanya mahindi ya jirani yake yasiuzike. Uamuzi wa namna hiyo una sayansi ndani yake, lakini si wa sayansi peke yake.

Mahindi yalipozuiwa mpakani mwaka 2021, wakulima wengi walilisikia suala hili kama ugomvi wa nchi mbili. Wachache walikuwa wameelezwa kwamba kikomo cha 10 ni cha pamoja, kwamba Tanzania ni mshiriki katika kukiweka, na kwamba kwa hiyo raia wake wanaweza kukihoji na pia kuidai serikali iwasaidie kukitimiza. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Neno viwango limo katika jina la taasisi. Wajibu wa matini za Kiswahili ni kulifanya liwe neno ambalo mkulima anaweza kuliundia swali.

6.0 Desturi ya Malumbano

Yaweza kusemwa kwamba kudai haya yote ni kumtwisha mkulima mzigo wa chuo kikuu. Pingamizi hili lina uzito, na lina sura mbili. Kwanza, palipo na dharura amri huokoa maisha: mwaka 2016 kusema msile mahindi haya kulikuwa bora kuliko mhadhara. Hilo linakubalika. Dharura, hata hivyo, hupita, na matini zilizoandikwa kwa ajili yake hubaki zikitumika miaka yote. Pili, hudaiwa kwamba Kiswahili hakina desturi ya kujadili ushahidi. Hilo halikubaliki, maana historia ya lugha inalikanusha.

Sambamba na ngonjera, ushairi wa Kiswahili una malumbano. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, na baadaye katika kurasa za magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi wameulizana, wamejibizana na kupingana. Katika malumbano mpinzani hakuwekwa ili ashindwe. Ana jina lake, ana hoja zake, na msomaji ndiye mwamuzi. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, kati ya watetezi wa vina na mizani na watetezi wa mashairi huru, haukuisha kwa upande mmoja kupiga magoti. Pande zote mbili zililazimika kueleza ushairi ni nini, na taaluma ikanufaika.

Nathari nayo ina mfano wake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa nchi za jirani, wanarudi na maarifa, na wanafungwa badala ya kusikilizwa. Karama, aliye mshtakiwa, anajitetea mbele ya baraza kwa kueleza safari ya kila mjumbe. Nguvu ya utetezi wake haitokani na cheo, kwa kuwa hana. Inatokana na kuweka mbele ya wasikilizaji mambo ambayo wanaweza kuyapima wenyewe. Riwaya hiyo husomwa kama fumbo la utawala wa kikoloni, na ni sahihi. Yaweza pia kusomwa kama hoja kuhusu nchi inayopeleka watu kutafuta maarifa bila kuwa na mahali pa kuyajadili.

Jirani na Gairo pana kumbukumbu ya nchi ya namna hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Wataalamu walikuwapo, mitambo ilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Mvua haikutosha, udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Ukame wa Ugogo haukuwa siri kwa wenyeji. Hawakuwa na jukwaa ambalo ujuzi wao ungehesabiwa kuwa ushahidi. Fundisho la Kongwa si kwamba wataalamu hawafai. Ni kwamba sayansi isiyoulizwa na watu wa mahali hujinyima taarifa.

Mfano wa karibu zaidi unatoka mwaka 2020. Mwanzoni mwa Mei, Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilitoa majibu ya kuwa na virusi vya korona. Kuhoji usahihi wa kipimo ni swali halali la kisayansi, na lina njia zake za kujibiwa: kurudia vipimo, kulinganisha maabara, kuchapisha matokeo. Lakini utoaji wa takwimu ulikuwa umesimama tangu mwishoni mwa Aprili, na haukurejea hadi mwaka uliofuata. Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo. Katika muda wa miezi kumi na minne hivi mwananchi alitakiwa kuwa na shaka, kisha akatakiwa kuwa na imani. Mara zote mbili istilahi zilikuwapo kwa wingi. Kilichokuwa adimu ni matini iliyomwonyesha namna ya kupima shaka na namna ya kupima imani.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa Kiswahili, na kwa watu wengi, nchi yenyewe ilikwisha kulionyesha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia takriban watu wazima milioni mbili kwa redio, vitabu na vikundi vya kusomea. Ilikuwa na amri zake, na ilizaliwa katika mfumo wa chama kimoja. Lakini kila kipindi cha redio kilifuatwa na majadiliano ya kikundi, na kikundi kiliamua kifanye nini mahali pake. Utaratibu huo ulitambua kwamba maarifa hukamilika yanapojadiliwa. Kinachohitajika leo ni kuurudisha ukiwa na jambo ambalo wakati ule halikuwa rahisi: uhuru wa kikundi kumwambia mtaalamu kwamba hoja yake haijatosha.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umedai kwamba sayansi kwa umma inapaswa kusomwa kama matini, kwa vigezo vilevile vinavyotumiwa kusoma ushairi na riwaya: nani anasema, kwa kauli gani, na mpinzani wake amepewa nafasi gani. Kwa vigezo hivyo, matini za sumukuvu zimefaulu kulitaja tatizo na zimepungukiwa katika kulijadili. Marekebisho yake hayangojei kamati ya istilahi. Mtenda atajwe: nani alipima, wapi, lini. Ngazi ya uhakika itenganishwe kwa maneno ambayo lugha tayari inayo. Idadi ielezwe kwa gunia na debe. Ushauri unaopingana uwekwe bega kwa bega, pamoja na sababu za kila upande. Na mhusika mwenye shaka aachwe na shaka yake pale ambapo ushahidi wenyewe haujakamilika.

Kuna kikwazo ambacho mwandishi mmoja hawezi kukiondoa. Katika shule za umma mtoto wa Gairo hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha hujifunza kwa Kiingereza. Anayeishia darasa la saba hubaki na lugha bila kina cha somo. Anayeendelea hupata kina bila lugha ya kuwaelezea waliobaki. Wawili hao hukutana tena ukubwani, mmoja akiwa mkulima na mwingine akiwa ofisa ugani, katika mkutano mkuu wa kijiji. Kilichopo kati yao kwa sasa ni ngonjera. Mahindi yaliyomo ghalani yanahitaji waweze kulumbana.